Posa ya Ndung'u Kupitia Kinangop

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa sanduku uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Kiilu, fundi wa baiskeli, pale Ruiru. Mashamba ya kahawa yalikuwa yamelizunguka pande zote, lakini kahawa ilikuwa ya wazungu. Benchini watu walikunywa chai aliyouza Magdalene, na birika likiisha wanatawanyika. Ilikuwa mwaka wa 1959, hali ya hatari ya serikali ya kikoloni ikielekea kwisha. Alhamisi moja jioni Ndung'u, kijana wa kiwanda cha kahawa, alikaa pembeni ya benchi roho ikiwa juu. Babake alikuwa ameaga dunia, baba zake wadogo walikuwa bado kizuizini, kwa hivyo watu wa benchi ndio waliokubali kuwa wazee wake wa posa. Babake Waithira, msichana aliyetaka kumwoa, alikuwa amehamia Njabini, kule Kinangop, ng'ambo ya mlima, kuchuma pareto, na alikuwa ameshatengeneza pombe ya muratina ya kuwapokea. Basi liliishia Gatura. Mbele ya hapo ni msitu, matope na baiskeli. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumapili. Jumapili ilikuwa imepita, na wazee walikuwa bado wanapanga safari.

— Shida si kupanda, alisema Kiilu, waliyemwita Spoki. Kupanda unasukuma tu. Shida ni kuteremka. Hiyo barabara iko mawe tupu. Breki itashika mpaka mpira uishe wote.

— Sasa tufanye nini? aliuliza Ndung'u.

— Kila baiskeli ifungwe gogo nyuma, liburutwe. Gogo ndiyo breki.

Dismas, karani aliyetoka pande za Kisumu, alipangusa miwani. Walimwita Bwana Ripoti kwa sababu hakuwahi kusema jambo bila kulitolea maelezo.

— Gogo linaacha alama. Askari wa msitu wakiona alama watasema tumeiba mbao. Lazima kwanza tuombe ruhusa kwa wakubwa.

— Pasi ya kusafiri ninayo, Bwana Dismas. Na nyinyi mliniambia mnazo.

— Pasi ni ya mtu, kijana. Gogo halina pasi.

Mzee Gerishon alikohoa, na wote wakamgeukia. Alikuwa amepigana vita vya wazungu kule Burma, na hilo likawa jina lake, na yeye ndiye aliyekuwa awe msemaji wa posa.

— Nyinyi mnaongea breki na huko iko ndovu, alisema. Ndovu hapendi kengele ya baiskeli. Mimi nimekaa na ndovu Burma, najua. Tutoe kengele zote.

— Na nyati, Mzee? aliuliza Kiilu.

— Nyati ni kinyume. Nyati akisikia kengele anatoka njiani. Kwa hivyo mtu wa mbele asiwe na kengele, mtu wa nyuma awe nayo.

— Nani atakuwa nyuma? aliuliza Dismas.

Hilo lilijadiliwa mpaka Magdalene akajaza vikombe mara ya pili. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kukaa katikati.

— Mnasahau hewa, Dismas alisema baadaye. Juu kule hewa ni nyembamba. Gurudumu lililojazwa hapa Ruiru likifika juu litapasuka lenyewe. Tujaze maji.

— Maji yataganda, alisema Kiilu. Kuna baridi huko. Tujaze nyasi. Na nyasi zenyewe zitoke hukohuko, ndizo zinajua hiyo baridi.

— Hizo nyasi za kule tutazipataje kabla ya kwenda? aliuliza Ndung'u.

— Ndiyo maana tunasema tusikimbie, alijibu Mzee Gerishon.

Ndung'u alikasirika, lakini alimeza hasira pamoja na chai. Angekuwa anakwenda kununua mbuzi angepanda baiskeli yake alfajiri akawaacha hapo na kengele zao. Lakini posa haisemwi na mwenye kuoa. Kijana akifika peke yake kwa mkwe anapewa uji, anaulizwa habari za mvua, kisha anaonyeshwa njia.

— Wazee, alisema polepole, tuondoke kesho. Nawaomba.

— Atiriri, sikiliza, kijana, alisema Mzee Gerishon. Msichana haendi mahali. Mkwe akiona tumekuja mbio atafikiri una kasoro fulani.

Hapo ndipo mtu mmoja alipotokea kutoka upande wa Thika, akiendesha baiskeli, matope mpaka magotini, jani la mwanzi limenasa kwenye mnyororo. Akaegemeza baiskeli, akaagiza chai. Ndung'u alimtambua mara moja. Alikuwa Macharia, kakake Waithira. Ndung'u akaweka kikombe chini. Wenzake hawakumjua.

— Umetoka wapi? Kiilu alimuuliza.

— Njabini.

— Kwa basi, kutoka Gatura?

— Kwa hii.

Kiilu aliinama, akabonyeza breki, akatikisa kichwa.

— Hizi hazifai. Usijaribu kupita huko na hizi.

— Nimeshapita.

— Na ile kengele uliitoa? aliuliza Mzee Gerishon.

Macharia alimtazama, kisha akawasalimu.

— Hamjambo, wazee. Natafuta wazee wa Ndung'u, wale wa posa.

— Ndio sisi, alisema Mzee Gerishon, akijinyoosha mgongo. Tuko njiani.

Macharia alitazama benchi, birika, na miguu yao iliyokunjwa.

— Baba aliwangoja Jumapili mpaka giza. Jumatatu akafunika pombe na magunia. Jana wakaja wazee wengine, wa hapohapo Njabini, kwa kijana wao. Pombe ilikuwa karibu kuharibika.

— Iliharibika? aliuliza Mzee Gerishon kwa huzuni ya kweli.

— Hapana.

Kwao pombe hiyo haiguswi kabla msichana hajaulizwa, mbele ya wote, kama inywewe; akisema inywewe, amekubali kuolewa. Ndung'u alilijua hilo, ndiyo maana akauliza.

— Waithira aliulizwa?

— Aliulizwa. Akatoka nje, akasimama akiangalia barabara. Tukamwacha. Halafu akarudi, akasema inywewe.

Ndung'u aliumia mpaka akashindwa kuinua uso. Aliwachukia wote watatu, na baada ya kidogo akajichukia mwenyewe zaidi.

— Waithira hakunituma matusi, Macharia alimwambia Ndung'u. Amesema nikuulize kitu kimoja tu, wewe na wazee wako. Mlikuwa mnangoja nini?

Kiilu alianza kukaza nati iliyokuwa imekazwa tayari. Dismas alipangusa miwani. Mzee Gerishon alimgeukia Magdalene kuomba chai, naye akaliinamisha birika, halikutoa kitu. Macharia alikaa hapo na kikombe chake kitupu, akingoja kwa adabu, maana aliagizwa arudi na jibu.