Jina Nililomnyima Baba

Sikilizeni, Barre na Tabby, na mkae hapa kitandani karibu, kwa sababu sauti ya baba yenu, ile iliyokuwa ikisikika kutoka soko la ng'ombe mpaka stendi ya Nanyuki, siku hizi inafika kwenye mto huu wa kulalia tu na kurudi. Tabby, wacha kunitazama kama daktari. Na hilo pengo la meno, hakuna hospitali itakayokuandika kazi. Najua wosia ni kazi ya wazee wa miaka themanini. Mimi niko na thelathini na nne na sina mvi hata moja, jambo ambalo ningejisifu nalo kama lingenisaidia.

Mnajua nilivyo. Niliacha shule darasa la sita, na mpaka leo hakuna mwenye digrii katika mji huu anayeweza kumtupia fahali jicho moja na kukutajia kilo zake bila mizani. Hayo si majivuno, ulizeni sokoni. Lakini kumjua ng'ombe si kumjua mtu. Ugonjwa umenishika koo, na sisemi ni adhabu, nasema tu kwamba mdomo huponza kichwa, na huu wangu umeponza mpaka vichwa ambavyo si vyangu.

Baba yangu, guka wenu Mwai wa Gakindu, ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kukuchapa ukiamka baada yake. Nilimtoroka nikiwa na miaka kumi na tatu kwa sababu hakunisifu hata siku moja. Hapa Nanyuki nikaokotwa na Mzee Barre, Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, ndevu zake nyekundu kwa hina, akanipa blanketi, chai na kazi. Yeye alinisifu. Na kijana anayesifiwa kwa mara ya kwanza ni kama ndama aliyeonja chumvi, atamfuata mwenye chumvi hata machinjioni.

Basi Barre mwanangu, ulipozaliwa, kila mtu wa kwetu alijua jina lako kabla hujalia. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, hapo hakuna mjadala, ndivyo wazee wetu wanavyorudi duniani. Wazazi wangu walitoka Gakindu kuja kukuona, mama na kibuyu cha uji ndani ya kiondo, baba na suti yake ya Pasaka. Baba, ambaye hakuwahi kunishika mkono, alikubeba, akakufukuzia nzi, akauliza huku tayari ameanza kutabasamu, "Na huyu aliyekuja ni nani?" Mama yenu Njoki, Mungu amrehemu, alikuwa amenisihi wiki nzima. Mimi nikaegemea mlango na jaketi yangu ya ngozi, wageni wamejaa, nikasema, "Anaitwa Barre." Nilitaka tu kumwona uso. Nikauona. Alikulaza kitandani polepole kama mtu anayeweka mayai, akachukua kofia yake, chai ikabaki ikipoa. Nami nikaenda kukisimulia kisa hicho sokoni, nikacheka mpaka jioni.

Hata Mzee Barre hakufurahi. Aliniita kando akaniambia, "Ngatia, mimi niko na wajukuu tisa wa kuniita. Mpe baba yako kitu chake." Nikamjibu mambo ya Wakikuyu aniachie mimi. Sasa yeye yuko kaburini, wanawe waliuza boma wakahama, na jina lake limebaki juu ya kichwa cha mtoto asiye na mtu huko.

Tabby, wewe ulipewa jina la mama yangu, Wakonyo, kwa sababu safari hiyo Njoki hakuniuliza. Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipowapeleka Gakindu, guka alikupakata akakuita mke wake, akalalamika ati umezurura miaka yote hii bila kumpikia. Barre alisimama uani, amenyoosha mkono vizuri kama nilivyomfundisha.

"Wewe ni wa nani?" guka akamuuliza.

"Wa Ngatia."

"Basi Ngatia akulee."

Nami nimesimama hapo hapo, suruali imefungwa kwa kamba, kila mtu anaona kwamba Ngatia hatalea mtu tena.

Nilipiga magoti, wanangu. Mimi. Nikamwambia kuanzia leo mtoto ni Mwai, tuite kanisa lote lishuhudie. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema, "Siku ile nilivaa suti nikaja kuzaliwa tena, nawe ukanizika mbele ya watu. Maiti hailei mtoto." Kisha akaongeza kwamba Wakonyo, yaani wewe Tabby, kitanda chako kipo.

Msimchukie. Maji niliyamwaga mimi. Mkipata watoto, wapeni wazee majina yao, hata mzee awe mkali kama pilipili, kwa sababu mtoto hulelewa na wale wanaojiona ndani yake. Barre, wako wa kwanza anapaswa kuitwa Ngatia. Ukikataa, nitaelewa.

Jaketi ni yako, itakufika magotini, utakua. Simu ni ya Tabby. Mimi nizikwe makaburi ya mji, msiende kumwomba guka shimo. Kisha Barre, mpeleke dada yako Gakindu. Mshike mkono mpaka getini. Salimia, usibishe, usicheke kama mimi. Guka akikuita, ingia, chuma kahawa, nyamaza. Asipokuita...

Nimelitafuta jibu la hapo mwezi mzima. Sina neno. Mimi, Ngatia, sina neno.

Leteni viganja. Wazee wetu hubariki kwa mate, hutema kidogo mkononi mwa mtoto. Ngojeni. Ile mionzi ya hospitali ilikausha kila kitu. Tabby, lowesha kitambaa, nipake ulimini. Tena. Wewe... upendwe, mama. Uzeeke.

Barre. Sogea. Hayatoki. Weka mkono hapa mdomoni, basi, chukua pumzi. Chukua.

Uitwe... uitwe ndani.