Bi Haketi na Kiti Chenye Wageni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Nilipokuwa darasa la nne niliamua kuacha shule. Siku niliichagua, ilikuwa Alhamisi, na sababu nilikuwa nayo tayari: tumbo. Mama ni fundi cherehani, na huamini maneno ya tumbo kuliko maneno ya mdomo. Angenipa dawa na kuniacha nilale, na kesho yake tumbo lingeuma tena, na keshokutwa.

Alhamisi hiyo nilikwenda shule. Aliyenifanya niende anastaafu Ijumaa hii, siku ya kufunga muhula, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha katika shule hii ya msingi. Walimu wenzake wameniomba mimi, mwanafunzi wa sekondari ya jirani, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha hafla. Nasikia kila mwalimu alimsukumia mwenzake kazi hii, mpaka ikaruka ukuta na kuniangukia.

Watoto humwita Bi Haketi, na yeye huitikia. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Hufundisha akitembea, husahihisha akiwa amesimama dirishani, na chai yake huinywa njiani. Mpishi wa shule amezoea kuvitafuta vikombe kwenye kingo za madirisha kama mtu anayeokota mayai. Kiti anacho, lakini kimebeba vitabu, mizani na saa ya ukutani iliyokwisha kufa. Ukimwambia, "Mwalimu, keti upumzike," atakujibu, "Kiti kina wageni."

Alianza na darasa la pili, akapanda na watoto wake hadi madarasa ya juu. Hesabu ndizo zilizompa sifa, ila wanaomjua vizuri watakumbuka zaidi kile chumba kilicho kando ya tangi la maji. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Alikiomba kwa walimu wakuu watatu, apate mahali pa kukaa na watoto wepesi wa kuelewa, wale wanaomaliza zoezi wenzao wakiwa bado wanachonga penseli. Wawili wa kwanza walimjibu kwamba watoto wa aina hiyo wanajiweza, awahangaikie wanaoshindwa. Wa tatu alimpa ufunguo. Mwalimu mkuu huyo mwenyewe husema alifanya hivyo ili apate kula chakula chake cha mchana kwa amani.

Kwa nini aliking'ang'ania chumba hicho? Aliwahi kunieleza. Katika miaka yake ya mwanzo alikuwa na mwanafunzi aliyemaliza kila kitu kabla ya wote. Bi Haketi, akiwa bado mgeni wa kazi, alifanya wanachofanya walimu wengi: alimpa madaftari ya wenzake asahihishe. Kijana alifurahi muhula mmoja. Wa pili, wenzake wakaanza kumsubiri njiani. Wa tatu, akaanza kukosa majibu, mwanzo machache, kisha yote, na baba yake akamhamisha akisema shule imempumbaza mtoto. "Nilipewa mwanafunzi," Bi Haketi aliniambia, "nikamfanya karani." Hapo alikuwa anazunguka chumba, na alizunguka tena na tena kabla ya kuendelea na mengine.

Tangu wakati huo ana sheria moja: kazi ya mwalimu ni ya mwalimu.

Nami nilikuwa karani. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa mtu mwema, na alidhani ananipa heshima. Kila nilipomaliza zoezi nilipewa kalamu nyekundu. Wenzangu waliniita Mwalimu Mdogo, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Kwenye benchi langu nilikaa peke yangu, na benchi lilikuwa la watu watatu.

Jumatano, siku moja kabla ya tumbo langu kuanza kuuma, nilikuwa navuka ua na rundo la madaftari yaliyonifika kidevuni. Bi Haketi alikuja kwa mwendo wake ule wa mtu aliyeacha chungu jikoni, akayachukua yote, akaenda nayo hadi chumba cha walimu na kuyaweka mezani kwa mwalimu wangu. "Mtoto huyu ana kazi yake," alisema, kisha akanigeukia. "Njoo kwenye chumba cha tangi. Njoo na swali."

Sikuwa na swali. Maisha yangu yote nilikuwa na majibu. Nilisimama chumbani mule nikitazama mizani, na yeye akatembea, na sisi sote wawili tukasubiri. Karibu na kengele nikasema, kwa sauti ambayo sijui aliisikiaje, "Nikisoma kimoyomoyo nasikia sauti. Ni ya nani?"

Bi Haketi akasimama. "Mimi sijui," alisema. "Tuanze na darasa lako. Kawaulize wao wanasikia ya nani. Kila mmoja."

Sijui kama alikuwa anafikiria sauti au alikuwa anafikiria lile benchi. Mchana huo nilikwenda kwa watu ambao sikuwa nimeongea nao tangu mwaka uanze. Mmoja alisema anasikia sauti ya bibi yake, tena akiwa amekasirika. Mwingine alisema anasikia njaa. Msichana mrefu wa dirishani alisema yeye hasikii kitu, huona tu, na tukabishana naye hadi tukafukuzwa na mfagiaji. Kengele ya kwenda nyumbani ililia safu mbili zikiwa bado. Hiyo ndiyo sababu Alhamisi tumbo halikuuma. Mama mpaka leo hajui kwamba lilikuwa liume. Msichana wa dirishani ni rafiki yangu hadi sasa, na bado anabisha.

Si kila kilichotokea chumbani kilikuwa na uzito huo. Mwaka ule alikuja mkaguzi kuona kama chumba kina faida. Alitukuta tukijadili kama kuku anajua idadi ya mayai yake. Aliuliza jibu ni lipi. "Bado hatujui," Bi Haketi akamwambia. "Pengine wewe umefuga." Kumbe alikuwa amefuga. Mkaguzi alivua koti. Dereva wake alipiga honi, akapiga tena, mwishowe akaja mlangoni kumwita, na muda si mrefu naye akawa upande wa kuku.

Kipaji chake kikubwa, kwa maoni yangu, ni kuona mtoto ambaye alama zake hazisemi kitu. Yuko msichana wa darasa la tatu anayeitwa Kiroboto kwa sababu hatulii mahali pamoja. Mwandiko wake ni wa kuku na mitihani yake haivutii. Muhula huu alifungua kitasa cha mlango wa darasa aone kilivyo ndani, na mlango ukakataa kufunguka, darasa zima likiwa ndani pamoja na mwalimu wao, kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Mwalimu huyo alipotolewa alikwenda kulalamika kwa Bi Haketi. "Huyu si kipawa," alisema, "huyu ni mtihani."

"Kitasa alikifungua kwa kutumia nini?" Bi Haketi akauliza.

"Kwa rula."

"Rula peke yake? Nipe huyo mtoto."

Tangu hapo Kiroboto huingia chumba cha tangi kila Jumatano. Darasani anatulia zaidi, si sana, lakini vitasa vimepona.

Wiki iliyopita nilikuja kukusanya habari za wasifu huu. Nilimkuta Mwalimu Mkuu pale chumbani akipima ukuta kwa macho. Alikuwa anamweleza Bi Haketi kwa upole kwamba muhula ujao hakuna mwalimu mwenye nafasi, na madawati mabovu yamejaa ukumbini, hivyo stoo itarudi kuwa stoo. Kiroboto alikuwa chini ya meza na saa iliyokufa. Alitoa kichwa.

"Na mimi nitakwenda wapi Jumatano?"

"Utakaa darasani kama wenzako," Mwalimu Mkuu akamjibu.

Kiroboto aliirudisha saa juu ya kiti, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akatoka akitembea taratibu. Sijawahi kumwona akitembea taratibu. Bi Haketi alizunguka chumba, akafika dirishani, akarudi, na kwa mara ya kwanza nikaona mkono wake umeshika mgongo wa kile kiti.

Mwalimu wetu, asante. Asante kwa madaftari uliyonipokonya, kwa kila "sijui" uliyotuambia bila aibu, na kwa miaka yote uliyotembea ili sisi tusikimbie. Tunakutakia afya njema, siku tulivu na miguu isiyouma. Tunakutakia pia kiti kisicho na wageni, ukitumie ukipenda, au ukizunguke.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikashindwa kukaa. Nilikuwa nimemtakia utulivu mtu ninayejua hatauona madawati yakishaingia mule. Nikavaa viatu.

Nilimkuta Mwalimu Mkuu ofisini. Nilimwambia kwamba Jumatano sekondari yetu hutoka mapema, na kwamba naweza kuja. Alinitazama. "Wewe si yule aliyekuwa haongei?" Nikasema ndimi. Akasema mwanafunzi hawezi kuachiwa wanafunzi, lazima awepo mwalimu, na mwalimu hana. Nikaenda kwa yule mwalimu kijana wa darasa la tatu. Alisema Jumatano ana madaftari ya kusahihisha. Nikamwambia asahihishie hukohuko, kiti kipo. Akauliza kama mlango wa chumba kile una kitasa. Nikasema una komeo tu. Akakubali, na Mwalimu Mkuu akakubali kwa muhula mmoja wa majaribio.

Jana ilikuwa Jumatano ya mwisho ya muhula huu, tukaanza bila kungoja ujao. Bi Haketi alinipa ufunguo akiwa njiani, kikombe mkono wa pili. Tuliteremsha vitabu, mizani na saa kutoka kwenye kiti, na yule kijana akakaa na rundo lake la madaftari na kalamu yake nyekundu. Kiroboto aliingia na swali. Alisema watu husema debe tupu haliachi kuvuma. Je, likijazwa nusu? Nilimwambia sijui, tukaenda kutafuta debe.