Risasi za Mkono Wake: Maisha ya Marehemu Gideon Roelof Lategan, 1948–2023

Mchungaji, wafiwa, majirani, na ninyi wanaklabu mliosafiri kutoka mbali, familia imenisimamisha mimi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, ingawa wengi mnajua kwamba mimi ni mfuga kondoo ambaye hajawahi kuupenda mlio wa bastola, na marehemu hakuacha kunitania kwa hilo hata siku moja. Haya tuliyaandika pamoja na dada yangu Hester na mtoto wao Liesl, mezani jikoni, na pale tuliposhindwa kukubaliana tuliacha neno la Liesl, kwa sababu ndiye aliyekuwapo.

Marehemu Gideon Roelof Lategan, ambaye nusu ya mji huu ilimwita Oom Giel, yaani Mjomba Giel, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika shamba la mahindi karibu na Hoopstad, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Roelof na mama Aletta, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alianza shule ya msingi Hoopstad mwaka 1955, akaendelea na shule ya ufundi hapa Welkom hadi mwaka 1966, na mwaka uliofuata alitumikia jeshi kwa lazima kama vijana weupe wote wa wakati ule, utumishi ambao hakupenda kuusimulia, ila alisema alirudi na vitu viwili tu, miguu mibovu na shabaha nzuri.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa kama fundi mitambo katika karakana ya mgodi wa dhahabu, akafanya kazi hapo hapo hadi alipostaafu mwaka 2008, na wale waliokuwa chini yake watakumbuka kwamba nati aliyoikaza Giel haikuhitaji mtu wa pili kuijaribu. Alifunga ndoa na dada yangu Hester Odendaal tarehe 20 Novemba 1971, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Hannes, aliyezaliwa mwaka 1975, ambaye sasa anaishi Australia na yuko nasi leo, na Liesl, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1982.

Mwaka 1978 alijiunga na klabu ya kulenga shabaha, na kwa kuwa risasi za dukani zilikuwa ghali na hazikumridhisha, alifunga mashine ya kujazia risasi kwenye gereji yake, akaanza kuokota maganda yaliyokwisha kupigwa, kuyasafisha, kuyatia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi, kama walivyofanya wenzake wengi, lakini kwa ukali ambao wenzake hawakuwa nao. Aliyapanga maganda wima katika kibao chenye matundu, akatia baruti ganda moja baada ya jingine, na kabla ya kuziba hata moja alichukua taa ndogo, akamulika ndani ya kila ganda ili aone kwa macho yake kwamba halina baruti mara mbili na halikubaki tupu, na mpaka kichwa cha mwisho kimekaa, mtu hakuruhusiwa kumsemesha, simu haikupokewa, na mlango wa gereji haukugongwa. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 1982 uchungu ulimshika dada yangu naye akasimama mlangoni pa gereji na mkoba wake wa hospitali, ameuma midomo, akingoja kibao kiishe, naye Liesl nusura azaliwe katikati ya makopo ya baruti. Hester hakumsemesha siku ile kwa kuheshimu kanuni, ila alimsemesha baadaye, tena mwaka mzima.

Kanuni yake ya pili mnaijua, kwa sababu hakuna mgeni wa klabu ambaye hakuisikia: "Nitakuazima gari langu, trekta ya shemeji yangu, hata meno yangu ya bandia, lakini risasi zangu huzipigi, na zako sizipigi." Ni desturi ya wote wajazao risasi, mtu hupiga alizojaza mwenyewe au zilizojazwa nyumbani kwake, lakini kwa Giel ilikuwa kama amri ya kumi na moja. Rafiki yake mkubwa, Ntate Sechaba Letuka, yaani Mzee Letuka kwa Kisotho, aliyefanya naye kazi karakana tangu mwaka 1985 na kujiunga na klabu mwaka 1997, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa umekwisha na milango imefunguliwa kwa wote, aliwahi kumpa boksi zima siku ambayo Giel alisahau za kwake nyumbani.

"Ntate Giel, chukua, tunaanza sasa hivi."

"Asante, narudi nyumbani kuchukua zangu."

"Unaniogopa mimi?"

"Wewe nakuamini hata kwa mke wangu. Baruti yako ndiyo siijui."

Aliendesha gari hadi nyumbani, akarudi mashindano yamekwisha, akanywa kahawa na kuondoka bila kinyongo.

Liesl alipofika miaka kumi na sita alitaka bastola aliyoiona katika jarida, yenye kung'aa kama kijiko cha harusi, naye baba yake akamnunulia mkanda. Alimwambia mkanda ukilegea, bastola itakuwa mahali pengine kila mkono unapoifuata, kwa hiyo kwanza mkanda mgumu, kisha ala inayoibana bastola ukiruka na kuiachia ukiitaka, kisha vifuko vya magazini za risasi, na bastola yenyewe mwishoni, na ile yoyote itakayoujaza mkono wake vizuri hata kama ni kuukuu. Kwa miezi kadhaa mtoto wa watu alizunguka uani akiruka tela na matairi, kiunoni ana bastola ya mbao ambayo baba yake aliichonga, majirani wakicheka, na Giel akiwaelekezea kidole vijana wa klabu waliokuja na vifaa vya bei mbaya: "Mmemwona yule? Amevaa duka zima, amesahau kununua shabaha." Mwaka 2005 Liesl alikuwa bingwa wa jimbo, na risasi zote alizopiga zilikuwa za mkono wa baba yake.

Sasa nafika mahali pazito. Mwezi Mei 2011 daktari alimwambia marehemu kwamba mtetemo wa mkono wake wa kulia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao dawa huutuliza tu, na marehemu alirudi nyumbani akamwambia mkewe ni uchovu. La kuvunda halina ubani. Hester alianza kuokota fataki sakafuni alipofagia gereji, punje za baruti zilimeta kwenye mikunjo ya suruali yake, kikombe kilipiga kelele juu ya kisahani, na bado kila mwisho wa wiki Giel aliingia gereji, akafunga mlango, naye dada yangu akabaki jikoni akisikiliza mkono wa mashine ukipanda na kushuka, ukisita, ukipanda tena. Ganda lenye baruti mara mbili huweza kuipasua bastola mkononi mwa mtu, na lisilo na baruti husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama humo, na anayepiga tena juu yake ndiye hupoteza vidole au jicho. Hester aliyajua hayo kama mke wa mvuvi anavyoijua bahari, na aliyekwenda kuzipiga risasi hizo alikuwa mtoto wake.

Liesl naye alijua. Alinunua mizani ndogo, akawa anapima risasi za baba yake ndani ya gari kabla ya kila shindano, lakini mizani haikumsaidia, kwa sababu maganda hayalingani uzito na baruti ni nyepesi mno, ikizidi au ikikosekana hujificha ndani ya tofauti hiyo. Mama yake alimsihi ajaze zake mwenyewe, au anunue za dukani, naye akajibu, "Mama, siku nitakayozikataa ndiyo siku atakayokufa." Ikawa nyumba ya watu watatu wanaojua jambo moja, na hakuna anayelitaja mezani.

Tarehe 19 Oktoba 2013, kwenye uwanja wa shabaha nje ya Bloemfontein, ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua timu ya taifa, na Liesl alikuwa amebakiwa na mzunguko mmoja tu aipate rangi ya nchi, yaani jezi ya timu ya taifa, aliyoitafuta kwa miaka kumi na tano. Ntate Letuka ndiye aliyekuwa msimamizi nyuma yake, saa mkononi, na Giel alisimama nje ya kamba na vikinga masikio vyake, mkono wa kulia ameuficha mfukoni kama kawaida yake ya siku zile. Liesl alianza vizuri, akakimbia kutoka ukuta wa kwanza hadi wa pili, risasi mbili, mbili, mbili, kwa kasi ambayo kidole hakingoji akili, na ndipo mlio mmoja ukatoka mdogo, kama mtu aliyepiga kofi mto wa kulalia.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya Giel. Ntate Letuka anakiri kwamba mdomo wake ulikuwa bado unafunguka. Kidole cha Liesl kilikuwa kimeshaanza kuvuta, na kiligandia hapo, kwa sababu sauti ile ilimfundisha tangu utotoni kwamba ikisema simama mtu husimama kwanza, maswali baadaye. Walipoifungua bastola na kutia kijiti mtutuni, kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati.

Saa haikumngoja mtu, mzunguko ulipotea, na nafasi katika timu ikaenda nao. Giel alivuka kamba, akautoa mkono wake mfukoni mbele ya watu wote, ukitetemeka jinsi ulivyopenda, akasema, "Risasi ni zangu. Mkono ni huu." Ndani ya gari, wakirudi Welkom, alimweleza binti yake kilichotokea: miezi kadhaa alikuwa ameacha kumulika maganda, kwa sababu alipoishika taa, mwanga wake ulicheza ukutani na kumwonyesha mkono wake, naye hakutaka kuuona.

"Nilijua, Baba," Liesl akasema.

"Ulijua, na ukapiga?"

"Ningekataa ungefanyaje?"

"Ningekasirika. Hasira haitoboi jicho, Liesl."

Alilia, na Liesl anasema hajawahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baada. Jumatatu yake aliufungua mkono wa mashine kwa spana, akautia mikononi mwa binti yake, na tangu siku hiyo hakujaza tena hata risasi moja, bali alikaa kwenye kiti cha turubai kando ya meza, akimfundisha, akimkaripia, akimnyima kahawa mpaka kibao kiishe, na taa ilipofika zamu yake alimwambia, "Mulika tena. Bado hujaangalia, umetazama tu." Mwaka 2016 Liesl aliipata rangi ya nchi, kwa risasi alizojaza mwenyewe.

Mwaka 2021 marehemu hakuweza tena kujifunga vifungo vya shati, na sauti yake ilikuwa imepungua, lakini tarehe 12 Machi 2022, siku tatu baada ya kutimiza miaka sabini na minne, aliomba apelekwe uwanjani. Tulidhani anataka kutazama. Aliketi nyuma ya mifuko ya mchanga, akaiomba bastola yake ya zamani, na Liesl akamuuliza kwa woga kama ampelekee risasi za dukani, naye akanyoosha kiganja akasema, "Nipe zako." Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa hajapiga risasi ya mkono wa mwingine kwa zaidi ya miaka arobaini. Safari hii mikono iliyotetemeka zaidi ilikuwa ya Liesl, maana alijua baba yake huigeuza kila risasi kwenye mwanga, huipapasa kwa kidole gumba na kuirudisha asiyoipenda, na sasa alimwona akizichukua tano na kuzitia magazini kama zilivyo.

"Baba, hujaziangalia."

"Nimemwangalia aliyezijaza."

Akapiga zote tano, Ntate Letuka akiwa amemshika bega, mbili zikapata ubao na tatu zikaingia kwenye tuta, naye akatangaza kwamba risasi ni safi, mpigaji ndiye mbovu. Kisha akafungua bastola, akaonyesha kwamba ni tupu, akaiweka chini, na Ntate Letuka akatamka neno ambalo msimamizi hulitamka kila mtu anapomaliza: "Uwanja ni salama." Hakurudi tena pale.

Mwezi Juni mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa tarehe 28, na alfajiri ya tarehe 6 Julai 2023 alituacha, Hester akiwa ameushika ule mkono wa kulia, ambao anasema ulitulia kwanza, kisha na yeye mwenyewe akatulia. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi shemeji ambaye trekta yake iliazimwa kwa maneno tu kwa miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2011, na hasa muuguzi aliyekubali kufundishwa kuhusu mikanda na ala wakati akimpima presha; majirani waliovumilia milio, na waliotuletea chakula na biskuti za kuchovya kwenye kahawa wiki hii nzima; wenzake wa karakana ya mgodi, ambao sita kati yao watalibeba jeneza; na klabu, iliyofunga uwanja leo kwa heshima yake. Hatutapiga risasi kaburini, kwa sababu alisema wazi kwamba hataki kusindikizwa na risasi asizojua nani kazijaza. Tumemwomba tu Ntate Letuka, udongo ukishamfunika, atamke lile neno lake la mwisho, nasi tuvue kofia.

Pumzika, Giel. Umemaliza, umeonyesha, umeiweka chini. Uwanja ni salama.