Usukani Mgumu wa Gaston

Katika basi la Fungurume, mbele yangu alikaa mjane aitwaye Domitille pamoja na Banza, dereva wa lori. Walikuwa wamejuana tangu basi lilipotoka Kolwezi, yaani hawakujuana.

"Bwana yangu Gaston aliniachia motokari ya kitambo," mama alisema. "Vola, ule usukani wake, iko nguvu sana. Shemeji anasema nimupatie, eti inaomba mikono ya mwanaume."

"Iko nguvu wakati yote, mama?"

"Zaidi wakati inaenda polepole. Na nikikata kona, inalia."

"Inalia namna gani?"

Mama akaiiga, hata abiria wawili wakageuka.

"Basi, shida haiko mikono yako," Banza alisema. "Mafuta ya direction, ile inalainisha vola, imepunguka, ao courroie, mukanda wa pompe yake, imelegea. Ile haianzake siku moja. Hata bwana yako ilikuwa inamuchokesha."

Mama aligeuka, akatazama vilima vya udongo wa migodi. Nilidhani amekasirika.

"Alikuwa anarudia nyumbani na mabega inamuuma," alisema. "Nilikuwa ninamupakala mafuta. Nilizania ni kazi ya kule mugodi ya Mashamba."

"Pengine ni kazi kweli, mama."

"Pengine." Akavuta pumzi. "Motokari, shemeji hataipata. Nitaitengenezesha. Lakini tata Banza, juu ya nini Gaston hakuniambiaka?"

Banza, aliyekuwa na jibu kwa kila swali la usukani, alianza kukusanya mizigo yake. Basi likasimama Fungurume, wakashuka.