Baba Rada na Mpangaji Asiyehama

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuilea rada ya hali ya hewa ya uwanja wetu wa ndege, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake la kwenye barua ya ajira hakuna anayelikumbuka; sote tunamwita Baba Rada. Mwandishi wa maneno haya ni dereva wa gari la zimamoto, tena shemeji yake, maana amemuoa dada yangu. Kamati ya kumuaga ilizunguka ofisi zote ikitafuta mtu mwenye kalamu nzuri, mwisho ikaja kwangu. Haikukosea.

Alipoajiriwa, rada ilikuwa mpya kama yeye. Ni chombo cha kuaminika mno. Mvua ikishanyesha, ikatulowesha na nguo zikakauka, rada inatangaza kwamba mvua inakuja. Siku moja ya jua kali ilionyesha gharika juu ya kantini, tukafunga madirisha, tukakaa ndani tukiloa jasho kwa utii. Ukithubutu kucheka, Baba Rada hununa mpaka jioni, kana kwamba umemtukania mtoto wa kumzaa.

Fahari ya rada hiyo ni doa jekundu upande wa magharibi wa skrini. Kule kuna kilima, na mawimbi ya rada yakikigonga hurudi na habari za mvua kubwa. Doa halikuondoka masika wala kiangazi, kwa hiyo tukalibandika jina la Mpangaji. Kila mwongoza ndege mpya alipewa na Baba Rada somo la kwanza: hicho ni kilima, kipuuze. Somo hilo walilifaulu wote, tena vizuri kupita kiasi.

Miaka kadhaa iliyopita alipelekwa ng'ambo kwenye kozi ya rada. Akawa anamalizia safari ya kurudi, cheti mapajani, ndani ya ndege ndogo isiyo na rada yake yenyewe, inayotegemea macho ya rubani na hisani ya mnara wetu. Pembeni yake alikaa bibi mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa kuona mawingu. Baba Rada akamtuliza: "Usihofu, mama. Huko chini kuna rada yangu."

Siku hiyo mvua ya kweli, yenye radi zake, ilikuwa imekwenda kukaa juu ya kilima kilekile. Mnarani, kiongozi wa zamu tunayemwita Mama Zamu alitupia jicho skrini, akamwona Mpangaji yuko kwake kama kawaida, akamwambia rubani anyooshe tu. Mwanafunzi bora. Haukupita muda redio ikakoroma: "Mnara, hicho kilima chenu kina radi?"

Ndege ilitikiswa kama shati kwenye kamba siku ya upepo. Rubani akageuza, akazungukia kusini, akatua salama. Gari langu la zimamoto lilifika kwenye ngazi kabla ndege haijasimama. Wapo wanaosema nilifika kabla haijagusa lami, nami si mtu wa kubishana. Nilimwona shemeji akishuka, cheti kimelowa juisi. Nyuma yake akaja yule bibi, mzima wa afya: "Baba, hiyo rada yako ni ya kuonea nini hasa?"

Baba Rada alipanda mnarani moja kwa moja, nasi tukamfuata ili tusikose matusi. Hatukuyapata. Alimtazama Mama Zamu, ambaye alikuwa analia, akasema: "Umefanya kama nilivyokufundisha, mama. Ndiyo maana nusura unizike."

Baada ya siku hiyo aliinua antena kidogo, Mpangaji akapungua kimo, ila kuhama hakuhama. Kisha akaweka utaratibu: hakuna ruhusa ya kusema doa ni kilima kabla ya kumuuliza rubani aliyepita huko mwisho, na kabla ya kunyanyuka kitini kuangalia nje. Waongoza ndege walilalamika sana. Wengine hawakuwa na habari kwamba mnara una madirisha. Lakini hatujaisukuma ndege nyingine kwenye radi, na hilo nalisema bila utani wowote.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakupanda ndege tena. Kwa binti yake huenda kwa basi, akafika mgongo umepinda kama ndoano. Sasa binti amejifungua mjukuu wa kwanza, na salamu zake ni fupi: "Baba, ukija kwa basi utamkuta anatembea." Dada yangu naye ametangaza kwamba yeye anapanda ndege, mwenye woga abaki na rada yake. Baada ya kununa wiki nzima, shemeji amekubali. Wataondoka Jumamosi ya kwanza ya ustaafu wake. Ameuliza jambo moja tu: zamu ya nani? Ni ya Mama Zamu.

Ahsante, shemeji, kwa kazi na kwa kutuvumilia. Nenda kambebe mjukuu. Mama Zamu ameahidi kumuuliza rubani, kuchungulia dirishani, kisha kumuuliza tena. Tunakuombea ustaafu wenye afya na anga safi. Ukisikia ndege inaacha ardhi, legeza mikono, umwachie dada yangu vidole vyake. Huku chini tutakuwa tumesimama sote, tunaangalia nje.