Goti Langu na Watoto Watatu

Kamwene, mama zangu. Kamwene, dada zangu. Mama mwenyekiti aliponiomba niseme habari za goti langu nilikubali haraka, sikujua kwamba mtajaa hivi mpaka wengine wakae mlangoni. Haya, nitasema. Sitamtaja mtu kwa jina, maana baadhi yenu mmo katika habari hizi. Yale mabaya yawe yangu peke yangu.

Mwaka ule mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, huko Tanga, kwa mkataba. Nilibaki na watoto watatu: msichana wa miaka mitano, mvulana aliyekuwa bado hajatimiza mitatu, na mtoto mchanga wa miezi mitatu mgongoni. Mama mkwe wangu alikaa nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba akikohoa nasikia.

Baada ya kuvuna maharage nilipanda lori kwenda Makambako kuyauza. Tulipofika njia panda abiria wakaanza kushuka. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu ya mtoto. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja kwenye chuma cha nyuma, mwingine bado uko hewani, dereva akadhani tumekwisha shuka wote. Akaondoa gari. Ndugu zangu, nawaambia, kuanguka hakuna muda wa kufikiri, lakini mama anafikiri. Nilijua nikianguka chali namuua mwanangu. Nikajipindua, nikashuka kwa goti la kulia juu ya jiwe. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Mimi nilisikia kitu kimepasuka ndani ya goti kama kibuyu.

Dereva yuleyule alinipakia, akanipeleka mpaka hospitali ya misheni Njombe. Alilia njia nzima kuliko mimi. Wakanifunga plasta, ule unga mweupe unaokauka ukawa jiwe, kutoka pajani mpaka kifundoni. Nikalala huko majuma mengi na mchanga wangu, wale wawili wakabaki kwa bibi yao.

Siku ya kuikata ile plasta nilifurahi, nikajua sasa natembea. Nikautazama mguu. Ulikuwa umekonda kama mpini wa jembe, na goti halikukunjika. Nilijaribu kwa nguvu zote, likakataa. Sista wa wodi, mzungu mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akakaa kando ya kitanda changu.

"Mfupa umeunga vizuri," akasema. "Kazi yetu imekwisha. Sasa iliyobaki ni kazi yako."

Akanionyesha. Nikae juu ya kigoda, mguu uning'inie. Niukunje mpaka unapouma, niushike hapo, niunyooshe mpaka unyooke kabisa, niushike tena. Mara thelathini, kisha nipumzike. Asubuhi, mchana na jioni, kila siku. Baadaye nifunge kitu kizito mguuni.

"Nitafanya, sista."

"Sikiliza, mama. Usipofanya, kabla ya mvua za kwanza goti litafunga. Likifunga, mimi sina ufunguo. Uje kila mwezi nilipime."

Nikarudi nyumbani na fimbo.

Sasa ninyi wenye watoto wadogo niambieni, hiyo mara tatu kwa siku inakaa wapi? Asubuhi moto haujawaka, mchanga analia, huyu wa pili amekojoa, maji hayapo, uji bado. Ukimaliza uji, jua limepanda na shamba linakungoja. Ukirudi ni kuni, ni mboga, ni kuogesha. Nilikaa kwenye kigoda siku ya kwanza nikahesabu mpaka saba, mvulana akamwaga maziwa. Siku ya pili nikahesabu kumi, msichana akaniita, wamegombana. Na lile goti lilikuwa linauma, jamani, maumivu ya kukutoa machozi puani.

Tena kuna aibu. Mtu mzima umekaa uani unarusha mguu kama mtoto. Wapitaji njiani walisimama. Mmoja akauliza, "Hiyo ngoma ya wapi?" Wakacheka. Na mama mkwe wangu alikuwa hapendi kabisa. Alinikuta siku moja nauma kanga kwa maumivu, akaniondolea kigoda.

"Mguu uliovunjika hupumzishwa," akasema. "Huyo mzungu wako ana watoto?"

"Hana, mama."

"Basi hajui kitu. Ukijilemaza tena, nani atawalea hawa?"

Nami, niseme kweli, nilifurahi kuzuiwa. Nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia. Juma la pili halikwisha, nikawa nimeacha.

Mwezi ulipofika nikaenda Njombe. Sista alikuwa na kipimo chake, vibao viwili vilivyounganishwa kwa msumari. Akakiweka juu ya goti, akaandika.

"Unafanya mazoezi?"

"Nafanya, sista. Kila siku mara tatu."

Akapima tena. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Kaongeze," akaita mgonjwa mwingine. Mwezi uliofuata sikwenda kabisa.

Nikajifunza kuishi na mguu wa mti. Nilipiga deki nikiegemea fimbo, nililala upande mmoja, nilivaa kwa kumwita msichana anisaidie. Kila juma goti lilikuwa gumu zaidi na mimi nilijiambia linapona.

Halafu ukaja mwezi wa saba, ile baridi yetu mnayoijua, majani meupe asubuhi kwa umande ulioganda. Nilishuka bondeni kwenye vinyungu, bustani zetu za kiangazi, kupalilia kabichi. Mchanga mgongoni, mvulana ananifuata. Kati ya matuta kuna ile mifereji ya kutolea maji, na wa kwetu ulikuwa na kina cha kiuno cha mtu mzima, kuta zake zimesimama wima. Nilimwambia mvulana akae juu kwenye majani. Akakaa. Nikageuka kung'oa magugu, nikasikia maji yamelia.

Nilipogeuka, majani hayana mtu.

Nilifika ukingoni kwa hatua nne. Nikaona mgongo wake, shati limejaa hewa, kichwa chini ya maji. Hatua nne tu, ndugu zangu, na mkono wangu haukumfikia. Mtu mwenye magoti angepiga goti akamtoa. Mimi niliinama, nikaishia hewani. Nikausukuma mguu ukunjike, haukukunjika. Niliupiga kwa ngumi. Nilikuwa naupiga ngumi mguu wangu mwenyewe na mtoto yuko majini.

Nikajitupa. Kifudifudi, mzima mzima, na mchanga juu ya mgongo, kifua kikagonga tope. Nikapeleka mkono, nikapata maji. Nikajivuta mbele mpaka nikaona sasa naingia mimi pia na huyu wa mgongoni. Vidole vikashika kitambaa. Nikavuta. Kichwa kikatoka, uso wa rangi ya majivu, mdomo wazi, na hakulia.

Kimya kile nakisikia hata leo.

Nikamlaza ukingoni, nikampiga mgongoni. Nikampiga tena. Akatapika maji, akatapika tena, kisha akalia. Mimi nikaanza kupiga kelele baada ya yeye kulia, si kabla. Sijui kwa nini.

Mama mkwe alizisikia akateremka mbio. Alitukuta sote watatu kwenye tope, na mimi siwezi kuinuka. Ilibidi anishike kwapani aninyanyue kama gunia. Akambeba mvulana, tukapanda nyumbani.

Jikoni tulimvua, tukamfunika, tukamweka karibu na moto. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Nilipoona amelala na anapumua vizuri, nikaona siwezi kuendelea kukaa na lile jambo.

"Mama," nikasema, "nilimdanganya sista. Nilisema nafanya mazoezi, na sifanyi. Leo ningemzika mtoto kwa uongo huo."

Alikuwa anachochea moto.

"Na mimi nilikunyang'anya kigoda," akasema. "Alisema mara ngapi?"

"Tatu. Thelathini, thelathini."

Akainuka, akaenda kwake, akarudi na kile kigoda. Akakiweka mbele yangu.

"Anza."

Nikamwambia nina matope bado. Akasema, "Anza na matope yako."

Siku ile, mama zangu, ndiyo niliyoanza kupona, ingawa goti lenyewe lilikuwa halijui.

Tuliitafuta nafasi ya mazoezi kama watu wanaotafuta jembe lililopotea shambani. Muda mtupu haukuwapo, kwa hiyo tulitafuta kazi ambazo mguu hauna shughuli. Asubuhi wakati wa kunyonyesha: mtoto ananyonya, mimi niko kwenye kigoda, mguu unakwenda. Mchana wakati wa kupukuchua mahindi, mikono inapukuchua, mguu unakunjwa. Jioni maharage yanachemka. Mama mkwe alihesabu kwa Kibena, kwa sauti, kutoka popote alipokuwa. Nikiruka moja, alijua. "Hiyo sikuiona. Rudia."

Ulipofika wakati wa uzito nilifunga mfuko wa mchanga wa mtoni kifundoni. Baadaye mvulana akagundua jambo bora zaidi. Alikuja akapanda juu ya mguu wangu, akanishika mikono, nikamnyanyua. Akacheka. Nilikuwa nalia kwa maumivu, machozi yanaanguka, na yeye anacheka, "Mama, tena! Tena!" Nikamnyanyua tena. Msidhani nilikuwa jasiri. Siku nyingine nilimwona anakuja na nikajificha nyuma ya ghala.

Na tulianguka pia. Mchanga alishikwa na homa, siku sita sikugusa kigoda. Nilipokikalia tena, nilikuta goti limerudi nyuma kama hatukuwahi kufanya kitu. Nikasema basi, mvua ziko karibu, mlango umefungwa. Mama mkwe hakunibembeleza. Alianza tu kuhesabu: moja. Nikaukunja.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, ikabidi niende Njombe. Njia ilikuwa ndefu kwa mguu, na tangu ile siku ya Makambako kupanda lori kulikuwa kunanitisha. Liliposimama barabarani nilishika ubao wa nyuma kwa mikono miwili. Nilimwita dereva kwa sauti, "Usiondoke mpaka niseme!" Watu wakanitazama. Nikapanda.

Sista alinikuta kwenye benchi. Kabla hajatoa kipimo nikamwambia, "Sista, ile mara nilisema uongo."

"Nilijua," akasema. "Nilingoja uje useme."

Akaweka vibao vyake. Akavitazama. Akamwita dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, naye akapima. Wakasema maneno yao mimi nisiyoyajua. Kisha akaniambia, "Shika kitanda. Chuchumaa."

Nikashuka. Polepole, goti likilia, nikashuka zaidi, mpaka nikaweka kiganja changu sakafuni. Nikakaa hapo chini. Sista yule asiyecheka akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mama, inuka sasa, wagonjwa wengine wananingoja," lakini alikuwa amegeuka upande, anafuta miwani.

Halikurudi lote. Kwenye baridi linauma, na kuchuchumaa mpaka mwisho siwezi. Lakini napiga goti, nalima, namwinua mtoto chini. Ndiyo niliyoyahitaji.

Namshukuru dereva yule, ambaye nilimsamehe kwa mdomo zamani na kwa moyo nimemsamehe juzi juzi. Namshukuru sista na dresa. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye amekaa pale na ameinamisha uso kwa sababu hapendi kusifiwa. Mama, vumilia kidogo, namaliza. Namshukuru Mungu, aliyeviongoza vidole vyangu mpaka kwenye shati lile.

Ninalowaambia ni hili. Msingoje siku ambayo watoto watanyamaza ndipo mwangalie miili yenu. Siku hiyo mimi niliingoja, na ilikaribia kuja kwa namna ambayo simwombei mtu. Fanya na kelele zao. Fanya kidogo, na siku ukikosa usijifiche, rudi.

Kuna dada mmoja hapa ndani, simtaji, aliyetoka hospitali majuzi na mkono hauinuki, na wiki hii nilipomuuliza kama anafanya alivyoambiwa, alinijibu haraka mno. Dada yangu, nilijibu hivyohivyo. Kesho asubuhi naja kwako na kigoda changu. Uwe na watoto wako wote, wala usifagie kwa ajili yangu.