Vasta Musoki, Aliyeponya Ndoa Bila Kumrekebisha Mtu

Ndugu, majirani, na nyinyi maafande mliotoka kambini, huyu tunayemzika leo hapa Mubuku ni dada yangu Vasta Musoki, binti wa marehemu mzee Bwambale. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 huko Karambi. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza. Jirani akisema mtoto fulani ana pepo, Vasta anauliza pepo huyo anakula nini. Alichapwa, akauliza tena.

Alisoma shule ya msingi Karambi na sekondari Bwera. Nyumbani ada ilitosha mmoja tu kuendelea. Akawa yeye, sisi wengine tukashika jembe. Hakutuangusha. Alisomea uuguzi, na mwaka 1999 akaanza kazi Bwera.

Tarehe 18 Agosti 2001 aliolewa na Ezironi Masereka, mkulima wa mpunga hapa Mubuku. Ezironi mnamjua. Hakuangalii machoni, kelele inamuuma kama kidonda, na ukimuuliza kama gauni limekupendeza, atakujibu ukweli. Watu walisema ana dharau. Wengine walimpeleka kuombewa. Akarudi vilevile, amechoka tu.

Mwaka wa kwanza ndoa ilitaka kufa. Siku moja Vasta alikasirika akasema, "Mimi ninaenda kwetu!" Kila mwanamke hapa anajua alitaka nini: ashikwe mkono, aombwe abaki. Ezironi alikunja nguo zake vizuri, akazipanga ndani ya begi, akamwitia pikipiki ya boda. Wiki tatu Vasta alilia Karambi. Baba alingoja mkwe alete mbuzi wa kuombea mke, kama desturi. Mkwe akaja mikono mitupu.

"Mbuzi iko wapi?" Baba akauliza.

"Mbuzi ya nini? Alisema anakuja kwenu, sikumufukuza. Lakini kila siku ninapika chakula ya watu wawili, ya pili inabaki. Nimechoka kuitupa."

Vasta alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua begi lake. Tangu siku ile waliambiana kila jambo wazi, na yaliyokuwa magumu kutamka waliandikiana katika daftari. Baadaye daktari alisema Ezironi ana usonji, yaani ubongo wake umepangwa kwa namna nyingine. Vasta alimjibu kwamba nyumbani kwake hilo si ugonjwa. Kuanzia hapo aligombania jambo moja: Ezironi na wote wa aina yake waachwe wawe walivyo, na bado wahesabiwe watu kamili.

Ndiyo sababu alirudi darasani, akasomea ushauri na tiba ya mazungumzo Kampala, 2009 hadi 2011. Mwaka 2012 alifungua chumba chake Kasese mjini. Kule mume na mke hawakukalishwa kutazamana kama wako polisi. Walikaa ubavu kwa ubavu wakichambua maharage, maana mikono ikipata kazi, mdomo unafunguka. Aliyeshindwa kusema aliandika. Aliyetaka kutembeatembea alitembea.

Koplo Ssali na mkewe Aryemo wamekubali niwataje. Ssali alimleta Aryemo kama mtu anayeleta bunduki mbovu.

"Tengeneza huyu. Anaanza kazi kumi, hamalizi hata moja. Posho inaungua kwa sufuria kila siku!"

"Afande, hapa sitengenezi mtu. Wewe unajua kupika?"

"Mimi? Koplo mzima?"

"Koplo naye anakula. Pika."

Ssali akashika mwiko, Aryemo akaenda sokoni, mahali pa kushughulika na watu kumi kwa mara moja, na leo meza yake ya samaki na chumvi ya Kabatoro haikosi wateja. Ssali alichekwa kambini, mpaka waliomcheka walipoonja posho yake. Ndoa yao iko, na watoto wameshiba.

Mwaka 2023 Vasta alishikwa na saratani ya titi. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Mwezi wa tano mwaka huu alijua anakwenda. Kifo hakukiogopa, aliogopa mazishi. Kwetu mfiwa anakaa mbele, spika inalia kutwa, na kila anayefika anamshika mkono na kumlilia begani. Ezironi angeharibika hapo. Basi Vasta aliwaita wazee wa ukoo kitandani, akaomba spika isiwepo na Ezironi aachwe peke yake. Mmoja wao, Mzee Kiiza, akakataa.

"Mufiwa asishikwe mukono? Watu watasema alimuroga bibi yake!"

"Waseme. Mzee, ulipofiwa na mke wako, watu mia tatu walikushika mkono. Ilikusaidia?"

Mzee aliweka fimbo yake chini. "Hapana," akasema. "Nilitaka kulala tu."

"Na yeye mwacheni."

Wakakubali wote.

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Ezironi akiwa pembeni yake. Alikuwa na miaka 48.

Ameacha mume, watoto watatu, Desire, Clare na Sunday, mimi mdogo wake Phionah, na ndoa nyingi kutoka Bwera hadi Kasese zilizo hai kwa sababu yake. Leo hakuna spika. Ezironi amechagua kukaa kule kwenye mfereji wa mpunga, na atakuja kaburini mwenyewe, wakati wake. Anayetaka kumfuata amshike mkono atamkuta Mzee Kiiza njiani na fimbo; amejitolea, hakuombwa na mtu.

Vasta ameshinda. Amani ya Mungu imfunike, apumzike.